Mfupa hausemi mahakamani: Niliyojifunza kwa ajali ya lori Nchelenge

NI saa kumi na mbili asubuhi, na ufuko wa Kashikishi umekwishaamka. Boti zinazotoka kuvua zinaegeshwa mchangani, akina mama wanagombea mabeseni ya chisense, dagaa wa ziwa hili la Mweru, na vijana wanapiga kelele wakiita abiria wa kwenda visiwani na ng'ambo ya Kongo. Mimi nateremka mteremko wa ufuko polepole, mguu wa kulia ukiburuta mchanga. Mtu asiyenijua hudhani nimechoka. Anayenijua anakumbuka lori.

Wakati nikisubiri boti, mama mmoja mwenye kitenge cha bluu ananishika mkono. Tunafahamiana tangu kambini. Ananiamkia vizuri, ananiuliza habari za watoto, halafu ananiuliza swali ambalo huniuliza kila tunapoonana. Nitalieleza mwishoni mwa makala haya, kwani ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi na mama huyo tuliumia siku moja, katika ajali moja, ubavuni mwa lori moja. Yeye aliumia kuliko mimi. Mimi nililipwa fidia ya ulemavu wa kudumu. Yeye alilipwa fidia ya michubuko. Msomaji ambaye unaishi kwa kuvuka mpaka huu, au uliyerudi nyumbani kutoka ukimbizini na bado una biashara upande wa pili, nakuomba usome hadi mwisho. Kilichotutenganisha hakikuwa ukubwa wa maumivu.

Machi, ziwa linapofunguliwa

Nianze na mimi ni nani. Nimezaliwa Pweto, pale Mto Luvua unapotoka ziwani. Desemba 2000, vita vilipoifikia Pweto, nilivuka na maelfu ya wenzangu kuingia Zambia, nikaishia kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa. Nilirudi nyumbani mwaka 2009. Kama wengi waliorudi, nilikuta nyumba haina paa na shamba lina mwenyewe mwingine. Nilichokuwa nacho ni Kibemba nilichojifunza Zambia na watu niliowafahamu Nchelenge. Nikaanza biashara ya samaki na vitenge.

Wanaofanya kazi hii wanajua kuwa nchini Zambia uvuvi hufungwa kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Machi inapoanza, kila mtu ana haraka. Malori hujazwa usiku, na hukimbizana kufika Mansa, kuvuka daraja la Chembe na kuwahi soko la Kopabelti kabla bei haijashuka. Barabara ya bonde la Luapula nayo imepangana nyumba kwa maili nyingi. Watoto, mbuzi, baiskeli na magari wote wanaitumia hiyo hiyo.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Machi 2014, jioni. Tulikuwa watu sita tumesimama kando ya lami na mizigo yetu, tukingoja usafiri. Lori lililosheheni samaki lilikwepa baiskeli, likaacha barabara, likatupitia. Ninachokumbuka ni harufu ya samaki na sauti ya mama yule akiita jina la mwanawe.

Mfupa wangu wa paja ulivunjika mara mbili na goti likasagika. Sikuweza kwenda popote. Nilibebwa hospitali, nikapigwa picha ya eksirei usiku ule ule, nikalazwa wiki tisa. Askari wa usalama barabarani alikuja kitandani, akaandika jina langu na maelezo yangu, akaacha fomu ya polisi ambayo daktari aliijaza. Ni fomu ya aina ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita PF3, na wa Kenya P3.

Mama yule alirushwa, akaangukia kichwa kwenye jiwe. Alizimia kwa muda, akazinduka, akatapika, akasimama. Kwa kuwa alisimama, watu walisema ana bahati. Kibali chake cha kuvuka mpaka kilikuwa kimepitwa na siku kumi na moja, na aliogopa kwamba askari akiandika jina lake, uhamiaji watafuata. Usiku ule nduguze walimpakia kwenye boti, wakamvusha hadi Kilwa, upande wa Kongo. Huko alikandwa maji ya moto na kupewa dawa za mitishamba.

Alfajiri, polisi walipohesabu majeruhi, waliandika watano.

Karatasi ya kwanza

Siku ya nne mtu alikuja wodini akijitambulisha kuwa ametumwa na mwenye lori. Alikuwa mpole. Aliniletea machungwa na bahasha ya kwacha, akaniambia hiyo ni pole ya familia. Kisha akatoa karatasi iliyoandikwa Kiingereza, akaniomba saini, "ili bosi ajue pesa zimefika".

Kiingereza changu ni cha kambini, lakini muuguzi wa zamu alikuwa akipita. Niliomba anisomee. Aliisoma kimya, akaniambia kwa Kibemba nisiiguse. Ilikuwa inasema nimepokea malipo kamili na ya mwisho, na sitadai chochote tena kwa mwenye lori, dereva wala bima. Niliirudisha pamoja na bahasha. Mwenzangu wa kitanda cha pili aliyeumia bega alisaini. Hadi leo hajapata zaidi ya bahasha ile.

Somo la kwanza ndilo hili: mkosaji anaweza kukusaidia dawa na chakula, na si dhambi kupokea. Lakini usitie saini wala dole gumba kwenye maandishi ambayo hukusomewa na mtu wa upande wako. Majeraha ya mfupa na kichwa hayajulikani ukubwa wake katika siku ya nne.

Mansa, ofisi ya msaada wa sheria

Mwaka mmoja na nusu ulipita nikiamini kwamba kesi imekwisha, kwa sababu dereva alikuwa ameshitakiwa mahakama ya trafiki, akapatikana na hatia na kutozwa faini. Nilidhani sehemu ya faini itaniijia. Haikuja, kwani faini ni ya serikali.

Rafiki mmoja akanipeleka Mansa, makao makuu ya mkoa, kwenye Bodi ya Msaada wa Kisheria, ambayo huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Mwanasheria aliyenipokea alikuwa mwanamke kijana. Aliniita batata, kama Wabemba wanavyomwita mtu mzima kwa heshima.

"Batata, mguu umeuona," alisema. "Sasa nionyeshe mguu huo kwenye karatasi."

Nilimwambia dereva alikwishahukumiwa, kuna nini tena cha kuonyesha? Alinieleza jambo ambalo wengi hatulijui. Mwaka 1984, katika kesi ya kampuni mbili za usafirishaji, Kabwe Transport na Press Transport, Mahakama ya Juu ya Zambia ilieleza kwamba sheria za nchi hiyo hazina kifungu kinachoruhusu hukumu ya kesi ya jinai ichukuliwe kama ushahidi katika kesi ya madai. Kwa maneno mengine, faini ya dereva haikufungulii mlango wa fidia. Unaanza upya: ulete mashahidi walioona lori likiacha barabara, ulete mchoro wa polisi, uthibitishe uzembe.

Na hapo ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuthibitisha kwamba umeumia, umeumia kiasi gani, na kwamba maumivu hayo yametokana na ajali hiyo wala si jambo jingine. Alinipa mfano ambao ulinichekesha kwanza, kisha ukanitisha. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu iliamua rufaa ya mkahawa mmoja, Continental Restaurant and Casino, ambako mteja alikuta mende ndani ya supu ya uyoga. Mteja alishinda mahakama ya chini na kupewa fidia nono. Mahakama ya Juu iliishusha kwa sababu ushahidi wa kitabibu ulikuwa hafifu, ikaonya kwamba kuanzia hapo madai ya namna hiyo yakija bila ushahidi wa daktari hayatapewa kitu.

"Mende wote waliamini yupo," alisema mwanasheria. "Ugonjwa ndio haukuthibitishwa."

Aliniuliza pia tarehe ya ajali, akahesabu kwa vidole. Nchini Zambia madai ya kuumia mwilini kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya kuumia. Niliuliza kama kuwa Mkongomani kunanizuia. Alisema la. Uraia si sharti la kudai fidia kwa mtu aliyekugonga. Tarehe ndiyo sharti.

Jinsi jeraha linavyopimwa

Nilivyokuwa navyo ni hivi: fomu ya polisi, picha mbili za eksirei, kadi ya kulazwa na ya kutoka, na bahasha ya risiti ambazo mke wangu alizihifadhi ndani ya kopo la maziwa. Mwanasheria aliviangalia kama mtu aliyeokota dhahabu.

Hata hivyo alinirudisha kwa daktari. Karatasi za siku ya ajali zinaonyesha mfupa ulivunjika. Hazionyeshi umepona vipi. Mfupa unaweza kuunga ukawa sawa na zamani, na unaweza kuunga ukiwa umepinda. Ndiyo maana daktari wa mifupa hupima ulemavu wa kudumu baada ya jeraha kufikia kikomo cha kupona, kisha huutaja kwa asilimia. Kwangu aliandika kwamba mguu umefupika kwa sentimita tatu, goti halikunji zaidi ya nusu, na ulemavu ni asilimia 25. Aliandika pia kwamba majeraha hayo yanalingana na maelezo ya kugongwa na gari zito, na akataja namba za picha za mwaka 2014. Sentensi hiyo ya mwisho, naambiwa, ilikuwa na uzito kuliko asilimia yenyewe, kwa sababu iliunganisha mguu wa leo na lori la siku ile.

Upande wa pili nao walimleta daktari wao. Huo ni utaratibu wa kawaida, usikasirike. Aliniuliza kama niliwahi kuanguka kwenye mtumbwi, kama niliwahi kupigwa vitani. Nilijibu kweli: vitani nilijeruhiwa mkono, si mguu. Mwanasheria aliniambia baadaye kwamba waliorudi kutoka vitani wengi huficha majeraha ya zamani wakidhani yanaharibu kesi. Yanaiharibu yanapogunduliwa. Ukiyasema mwenyewe, daktari anaweza kutenganisha la zamani na jipya.

Ikaja hoja ya kipato. Mimi si mwajiriwa, sina hati ya mshahara. Mahakama za Zambia zina msimamo unaojulikana tangu kesi ya Mhango na Ngulube ya mwaka 1983: anayedai hasara mahususi lazima aithibitishe kwa ushahidi unaoiwezesha mahakama kuijua thamani yake kwa uhakika wa kutosha, na upungufu wa ushahidi humwangukia yeye mdai. Katika uamuzi huo huo, mahakama ilikiri kwamba mara nyingi majaji hulazimika kukisia kwa busara kutokana na ushahidi kidogo, ili haki itendeke. Nilipeleka daftari langu la mzigo, risiti za ushuru wa halmashauri, karatasi za forodha na kibali cha mpaka chenye mihuri. Mihuri ile ilionyesha kwamba kabla ya ajali nilikuwa navuka mara tatu kwa mwezi, na baada ya ajali sikuvuka kwa miezi kumi na minne. Sikuwahi kufikiri kwamba muhuri wa uhamiaji unaweza kuwa shahidi wangu.

Kesi ya mama

Nilipomtafuta mama yule ili naye adai, ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2016. Nilimkuta Kilwa amekaa kibarazani. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu siku ile, alikuwa anaanguka ghafla, na alikuwa anasahau. Alikuwa ameacha biashara kwa sababu wateja walimlipa akasahau, akawadai tena, wakamwita mwizi.

Tulimpeleka Mansa siku za muda wa kisheria zikiwa zinahesabika. Madai yake yalifunguliwa kwa wakati, yakasikilizwa pamoja na yangu. Mimi nilisimama kizimbani nikaeleza kwamba alikuwepo, alirushwa, alizimia, alitapika. Jaji aliniamini, alikubali kwamba alikuwepo na kwamba lori lilimgonga, hata kama polisi hawakumwandika.

Swali likawa moja: hayo maradhi ya kichwa, nani anajua yametokana na nini?

Karatasi yake ya kwanza ya daktari ilikuwa ya Lubumbashi, miezi ishirini baada ya ajali. Iliandikwa Kifaransa, na mahakama za Zambia huendeshwa kwa Kiingereza, hivyo ikahitaji tafsiri ya mtafsiri aliyeapa. Daktari aliyeisaini alikuwa amehamia mbali na hakuweza kuja kuhojiwa. Karatasi yenyewe ilisema ana kifafa na upungufu wa kumbukumbu. Haikusema tangu lini wala kwa sababu gani. Wakili wa upande wa pili hakumtukana, hakusema anaigiza. Aliuliza kwa upole kama malaria ya kichwani haiwezi kuleta hali hiyo, na kama shinikizo la damu haliwezi. Daktari wetu, aliyemwona kwa mara ya kwanza karibu miaka mitatu baada ya ajali, alikuwa mkweli. Alijibu kwamba inawezekana.

Katika madai ya namna hii, mdai hahitaji kuondoa kila shaka. Anahitaji kuonyesha kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa kuliko ya mwenzake. Lakini mizani ikibaki sawa kwa sawa, anayeshindwa ni mdai. Suala la kiasi cha fidia lilipofika kwa Msajili, kama ilivyo kawaida kwa Mahakama Kuu kumwachia hesabu hiyo, mimi nilipewa fidia ya maumivu, ya ulemavu wa kudumu na ya kipato. Kilitosha kulipa madeni na kununua injini ya boti. Mama alipewa fidia ya mshituko na michubuko. Kilitosha nauli.

Simlaumu jaji wala Msajili. Nimewaza sana, na naona hawakuwa na kitu cha kushika. Laiti usiku ule angepelekwa hospitali yoyote ya upande wowote wa ziwa, muuguzi akaandika mstari mmoja tu kwamba mgonjwa alizimia baada ya kugongwa na gari, ametapika mara mbili, kesi ingekuwa nyingine. Mstari mmoja wenye tarehe.

Kabla hujavuka

Leo, watu wanaendelea kuvuka. Tangu Desemba 2021, wakimbizi wa makazi ya Mantapala, hapa hapa wilaya ya Nchelenge, walianza kurejeshwa Pweto kwa hiari, na wengi wao, kama mimi wakati ule, hawajakata mizizi ya biashara upande huu. Kwao na kwa wafanyabiashara wote nasema haya.

Ukigongwa, jina lako liandikwe polisi hata kama kibali kimekwisha. Kosa la kibali lina adhabu yake na linapita. Jeraha lisiloandikwa halipiti.

Nenda hospitali kabla ya kwenda kwa mganga wa kuunga mifupa, hata kama unatembea, na hasa kama umepiga kichwa. Mweleze anayekuandika namna ulivyoumia, na hakikisha ameandika. Ukiamua kutibiwa nyumbani ng'ambo, beba nakala za karatasi za upande huu, na huko omba daktari ataje ajali na tarehe yake, usije ukabaki na jina la ugonjwa peke yake.

Andika namba ya gari, jina la mwenye gari na kampuni ya bima iliyo kwenye kioo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Zambia ya mwaka 2002 inadai kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu. Gari likiwa la nchi nyingine, uliza Kadi ya Njano ya COMESA. Mpango huo, ulioanza kazi mwaka 1987, huliwezesha gari lililokatiwa bima nchi moja kuwajibika kwa watu litakaowaumiza katika nchi nyingine za mpango. Zambia na Kongo zimo, na Tanzania imebaki ndani ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa sisi ambao malori yetu hukatiza kipande cha Kongo kati ya Chembe na Mufulira, kadi hiyo si pambo.

Na risiti zote, kopo la maziwa linatosha.

Boti yangu inaitwa. Mama yule bado ameushika mkono wangu. Ananitazama usoni kama mtu anayetafuta neno, kisha analipata, ananiuliza kama alivyoniuliza mwezi uliopita na mwezi wa kabla ya huo:

"Mwanangu, kesi yetu imefikia wapi?"

Nami humjibu kwamba inaendelea, mama, inaendelea.